Tembo wa taulo wakipotea, nauliza

Nikiitwa hotelini kushauri kuhusu wafanyakazi, sianzii kwa meneja. Naomba kwanza kuona vyumba. Katika hoteli nyingi za pwani yetu, Diani hata Nungwi, mgeni hukuta taulo imekunjwa ikawa tembo, na maua yamepangwa kitandani. Mara nyingi huo ni ubunifu wa mhudumu mwenyewe. Korido nzima ikiwa na taulo za mraba, najua pana jambo.

Hoteli moja supavaiza alikuwa akiwazodoa wahudumu mbele ya wageni. Dada mmoja aliniambia: "Nikikunja tembo, nachezea muda. Nisipokunja, mvivu. Basi nakunja mraba."

Si kila ukali ni uonevu. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyeuchunguza uonevu kazini huko Sweden, aliweka kipimo: angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi 6 au zaidi. Shefu akifoka siku moja oda zimefurika, amekosa adabu tu. Uonevu hotelini, kwa niliyoyaona, mara nyingi hauna hata kelele. Unamaliza zamu ya usiku, unapangiwa ya mchana. Siku yako ya mapumziko inahamishwa bila kuambiwa. Ratiba ni fimbo isiyoacha alama.

Mwanasaikolojia Stevan Hobfoll alieleza mwaka 1989 kwamba binadamu hulinda akiba yake: nguvu, heshima, utulivu. Akiba ikichotwa kila siku, hubana matumizi. Aliyebakiwa na kibaba kimoja cha unga hajaribu mapishi mapya, maana yakiungua hana kingine. Mameneja huita hali hii kukosa moyo wa kazi. Mimi naiita hesabu sahihi.

Na mwenzetu wa hotelini ana mzigo mwingine: hata aliyetoka kulia stoo lazima atabasamu akisema "karibu". Tabasamu hilo linamla. Huja kwangu wakilalamikia mgongo, kichwa, usingizi. Wa mkataba wa msimu hawalalamiki kabisa, maana masika hoteli hupunguza watu, na anayeamua nani aitwe tena huenda ndiye huyo huyo supavaiza. Wakilala kwenye nyumba za wafanyakazi, hata usiku hawapumui. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini, unataja hata makazi yanayotolewa na mwajiri.

Meneja wa hoteli ile alitaka niwape wahudumu semina ya ubunifu. Nilimwomba kwanza ratiba za zamu za miezi 3 iliyopita.