Mlipima Aprili, mkarudi Julai

Nimetumiwa tena ripoti ya mradi wa kilimo wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ya tatu mwaka huu yenye kosa lilelile. Kaya zilihojiwa Aprili, kabla ya kugawiwa mbegu za maharage na majembe. Zikahojiwa tena Julai ya mwaka uliofuata. Alama ya ulaji imepanda, na papo hapo ripoti inatangaza kwamba mradi umewainua wakulima. Hapana. Julai watu wametoka kuvuna.

Aliyelima Masisi au Rutshuru, hukohuko Kivu, hahitaji kuelezwa kalenda. Msimu B, yaani msimu wa pili wa kilimo, hupandwa Februari na Machi, huvunwa Juni kuelekea Julai. Aprili ghala ni tupu na maharage bado yako kwenye maua.

Tuhesabu hiyo alama ya ulaji. Tunauliza kaya imekula kundi gani la chakula siku ngapi kati ya saba zilizopita. Nafaka na mihogo huzidishwa kwa 2, jamii ya kunde kwa 3, mboga za majani kwa 1, mafuta kwa nusu. Chukua mama mmoja mwezi wa Aprili: ugali wa muhogo siku saba (14), sombe, yaani majani ya muhogo, siku saba (7), maharage siku moja (3), mawese siku mbili (1). Jumla 25, na mstari wa kuridhisha uko juu ya 35. Julai chungu cha maharage kiko motoni kila siku: 21. Ugali 14 vilevile, sombe 7, mawese ya kila siku 3.5. Jumla 45.5. Mama huyu amepanda alama 20 na nusu bila kupewa punje moja ya msaada na mtu yeyote. Sasa niambieni, katika ripoti yenu alama ngapi ni za mradi na ngapi ni za mvua?

Pimeni mwezi uleule. Pimeni pia vijiji ambavyo havikupata kitu, wiki ileile. Kila nikisema hivi najibiwa kwamba si utu kuwanyima watu ili tulinganishe. Hakuna anayewanyima! Bajeti ilishaviacha vijiji hivyo nje kabla mimi sijaitwa kupima. Ninachoomba ni kwenda kuwauliza na wao wanakula nini.

Ulinganisho wenyewe nao una mashimo. Mbegu hazikai kwa aliyepewa: shemeji huomba kopo moja, kilo mbili huuzwa sokoni. Utafiti wa Shawn McGuire na Louise Sperling wa 2016 ulionyesha kwamba wakulima wadogo hupata takriban asilimia 90 ya mbegu zao nje ya mfumo rasmi, soko la kawaida likiwa njia kubwa. Kwa hiyo kijiji ninachokiita "kisichopata" huenda kimepanda mbegu zilezile. Tena kiliachwa kwa nini? Mara nyingi barabara yake haipitiki kwa usalama, na hilo peke yake linatosha kubadili chakula cha mezani. Halafu wapo waliokimbia katikati ya mradi. Ninaowakuta mwishoni ni waliobaki au waliorudi; ya waliopotea sijapata njia ya kuyahesabu inayoniridhisha.

Fahirisi ya mbinu za kukabili njaa, yaani kipimo cha yale ambayo kaya hulazimika kufanya chakula kikipungua, nayo inadanganya kwa namna yake. Kila siku ya kukopa chakula huzidishwa kwa 2, kwa hiyo aliyekopa siku zote saba ana alama 14, na alama zikishuka tunaandika kwamba hali ni nafuu. Nilikaa na mama mmoja Rutshuru, dodoso magotini, nikamuuliza amekopa chakula siku ngapi wiki hii. Akanitazama.

"Kwa nani, mwanangu? Hapa jirani wote walikimbia."

Nikaandika sifuri. Mezani kwa anayechambua takwimu, mama huyo amepata nafuu. Tangu siku hiyo naongeza swali: kama hukukopa, ni kwa sababu hukuhitaji, au hakuna wa kumkopa? Linaongeza dakika moja tu.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni kipimo cha ustahimilivu, yaani uwezo wa kaya kuhimili janga. Fomula humpa alama mwenye mbuzi watano, kwamba akipigwa na janga atauza. Lakini wenye bunduki wakiingia kijijini, mbuzi ndio wa kwanza kuchukuliwa, na zizi lililojaa huwaita. Muhogo ulio ardhini kuubeba ni kazi. Mwenyewe akirudi baada ya miezi anaweza kuukuta bado. Shamba hilo la muhogo halina safu kwenye fomula yetu. Safu ya mifugo nimeiondoa mara mbili, nikairudisha mara moja, kwa sababu kwenye ukame mbuzi kweli humwokoa mtu. Katika ripoti ninayoandika sasa nimeweka hesabu zote mbili, yenye mbuzi na isiyo na mbuzi, na mpangilio wa vijiji unageuka.