Je, wajua kwa nini chuma cha taulo kinachong'aa hupasha bafu joto kidogo?

Ukienda dukani kutafuta kile chuma chenye fito kama ngazi, kinachofungwa ukutani bafuni ili kikaushe na kupasha taulo joto, jicho hukimbilia cha kromu. Kinang'aa kama kioo. Kando yake kipo cha ukubwa uleule, kimepakwa rangi nyeupe, wala hakimtamanishi mtu. Viwashe vyote viwili, vifikie joto moja: hicho kisichotamanisha ndicho kitakachopasha bafu vizuri zaidi.

Chuma cha moto hutoa joto lake kwa njia mbili kubwa. Kwanza, hewa inayokigusa hupata joto ikapanda, na hewa baridi ikashika nafasi yake. Hapo kromu na rangi hazina tofauti ya maana. Njia ya pili ni mionzi, lile joto linalokupiga usoni ukikaa mbele ya moto. Hapa ndipo zinapoachana. Uso uliopakwa rangi hutoa takriban asilimia 90 ya mionzi yote ambayo kitu chenye joto hilo kinaweza kutoa. Kromu iliyong'arishwa hutoa asilimia 10 au hata chini yake.

Mskoti John Leslie aliliandika jambo hili mwaka 1804. Alijaza maji ya moto kwenye kijisanduku cha metali chenye pande zilizotengenezwa tofauti, akapima joto linalotoka kila upande. Upande mweusi ulitoa joto jingi, uliong'arishwa ukatoa kidogo mno, na maji ni yaleyale! Ajabu ni kwamba upande uliobandikwa karatasi nyeupe ulikaribiana sana na ule mweusi. Kwa mionzi ya joto, ambayo jicho haliioni, rangi nyeupe na nyeusi ni kama ndugu. Kwa hiyo usijilazimishe kununua cheusi.

Siri hiyohiyo imo kwenye chupa ya chai. Mskoti mwingine, James Dewar, aliyeibuni chupa ya namna hiyo mwaka 1892, alipaka kioo chake utando wa fedha ili mionzi isipite kwa urahisi.

Je, cha kromu hakifai? Kama shida yako ni taulo tu, kinafaa. Kitambaa kikigusa chuma, joto hupita kwa kugusana, na mng'aro hauna la kuzuia. Lakini ukitaka bafu zima lipate joto, chukua cha rangi. Mimi ningechukua cheupe, kazi ya kufuta alama za vidole nikamwachia mwingine.

Swali zito zaidi kuliko rangi, kama chuma chenyewe ni cha kupashwa kwa maji ya moto, ni maji gani yatapita ndani. Kikiunganishwa na maji ya moto yaleyale yanayotoka bombani, oksijeni huingia upya kila mara, na chuma cha kawaida huoza kwa kutu. Hapo dai chuma kisichoshika kutu. Cha umeme hakina balaa hilo, ila kiwe kimekingwa dhidi ya maji yanayoruka, na fundi wa umeme ndiye akifunge. Cha wati 100 kikiwaka kwa muda wa saa 10 hula uniti moja.

Tazama pia nafasi kati ya fito. Zikibanana, taulo halipiti ila ulikunje mara nne ulitundike juu, na asubuhi utalikuta tabaka la ndani limekauka kau, la nje bado linanuka unyevu.