Onyesho shirikishi: malengo 17 ya dunia kwenye kamba moja ya mwani

Onyesho shirikishi ni onyesho ambalo mgeni haishii kutazama. Anashika, anabeba, anafunga, anachagua, na kitu kinabadilika kwa sababu ya mkono wake. Makumbusho mengi tuliyozoea yana kabati la kioo na kibao cha "usiguse". Hapa kugusa ndiyo somo lenyewe. Jumba la Exploratorium la San Francisco, lililoanzishwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer, ni miongoni mwa yaliyoipa umaarufu njia hii katika kufundisha sayansi.

Siku hizi njia hiyo hutumika pia kufundisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 ambayo nchi 193 za Umoja wa Mataifa ziliyapitisha Septemba 2015 ili yafikiwe ifikapo 2030. Endelevu ni kile kinachoweza kuendelea. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, ilieleza mwaka 1987 kuwa ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja nafasi ya kukidhi yao. Chini ya malengo hayo 17 kuna shabaha 169. Ukizibandika zote ukutani, mgeni atazipiga picha, atasifu rangi, kisha atakwenda zake.

Kwa Unguja, mimi ningeanza na kamba ya mwani. Ifungwe baina ya vigingi viwili, taitai, yaani vijikamba vya kufungia mwani, zikining'inia, na beseni la mwani mbichi pembeni. Mgeni apewe kipande cha kujaa kiganja akifunge. Akikaza sana, shina linakatika. Akilegeza, wimbi litakichukua. Mpaka afunge cha kumi, mgongo umeshamwambia jambo. Hapo ndipo aelezwe kwamba akina mama wa Paje na Jambiani huifanya kazi hii siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, wameinama, wakiyawahi maji kabla hayajajaa. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilishika huku mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Pesa iliyotoka humo ilikuwa yao wenyewe, na imesomesha watoto.

Kisha asogee kwenye kamba ya pili, ambayo mwani wake umepauka na kulainika, ukiguswa unameguka. Maji yakipata joto kupita kiasi, kotonii, aina yenye bei nzuri, hufa. Spinosum, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Kotonii ingeweza kuota kwenye maji ya kina, yaliyo baridi kidogo, ila huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Kwenye kamba hiyo moja umo umaskini wa Lengo la 1, usawa wa kijinsia wa Lengo la 5, tabianchi ya Lengo la 13 na uhai wa baharini wa Lengo la 14. Mgeni ameshika yote manne kabla hajasoma kibao hata kimoja.

Meza ya maji haihitaji maelezo mengi. Dumu la lita 20, mgeni alibebe hatua hamsini. Kisha aonyeshwe kuwa kwenye choo cha kuvuta, maji hayo huisha kwa kuvuta mara mbili au tatu.

Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambacho ni hifadhi tangu 1994, kinafundisha hivyo kwa mwili mzima. Mapaa ya nyumba hukinga maji ya mvua ya kutumia, vyoo havitumii maji, umeme ni wa jua. Wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa huko, huvaa miwani na kuyatazama matumbawe kwa macho yao. Wapo waliozaliwa karibu kabisa na pwani, na hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuona kilichomo chini ya bahari.

Kioo cha kugusa peke yake hakifanyi onyesho liwe shirikishi. Kama mgeni anabonyeza tu na jibu ni lile lile kwa kila mtu, bado ni kibao, ila kina umeme. Na mgeni si mtalii peke yake: mtoto wa Makunduchi au Micheweni naye ni mgeni, kwa hiyo maandishi yaanze na Kiswahili. Pale kwenye kamba asimame mkulima wa mwani mwenyewe, arekebishe mafundo ya wageni kwa mkono wake. Naye alipwe ujira wa siku nzima, kwani siku za bamvua ni chache na shamba lake liko majini linamngoja.