"Mzee, lete nikubonyezee": dhana potofu kuhusu wazee na teknolojia kazini

Dhana: Mtu akishapita hamsini, kompyuta haimwingii.

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, kina mama wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, na wakulima wa viazi kule Uporoto hawakufunguliwa darasa. Hela ilikuwa yao, wakajifunza. Kasi inapungua kidogo na umri, sikatai, lakini akili haifungi duka.

Dhana: Wanakataa kwa ukaidi.

Mara nyingi ni macho, na aibu juu yake. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, maandishi ya karibu yakaingia ukungu. Nilimwona karani wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa Mbozi akiishika simu ya kusajili mizigo kwa urefu wa mkono wote, anabonyeza 8 inatoka 5. Foleni ikaguna. Kijana akaichukua: "Shikamoo mzee, lete nikubonyezee." Adabu ilikuwepo, ila mzee hakuigusa tena simu ile msimu mzima.

Kukuza maandishi kwenye mipangilio ya simu ni kazi ya dakika moja. Miwani ya kusomea nayo inasaidia. Halafu mfundishe pembeni, foleni ikishaisha, na kidole kinachobonyeza kiwe chake.

Dhana: Semina ya siku moja inatosha.

Haitoshi. Watu hurudi na posho, nywila wameisahau. Afadhali nusu saa, jambo moja: leo kuomba likizo kwenye ESS (mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma), wiki ijayo kujaza PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji kazi wao). Akitaka kuandika hatua kwenye daftari, mwache aandike. (Mimi mwenyewe ninalo.)

Dhana: Kabakiza miaka michache, mwacheni astaafu.

Kwa mtumishi wa umma, kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Mwenye 52 anaweza kukaa miaka minane mingine. Utamfichia mfumo muda wote huo?

Na kuna anayoyajua ambayo mfumo hauyajui. Karani yule yule, kijana akisoma namba kwenye mizani mpya ya kidijitali, alilishika gunia masikio, akalinyanyua kidogo. "Hili halifiki hamsini." Wakalishusha. Mizani tupu ilikuwa inasoma kilo mbili.