Angalia nambari ya hitilafu kabla hujagusa nenosiri

Mtumiaji akikwama kuingia kwa modemu kwenye seva ya Windows inayotumia Routing and Remote Access, huduma ya kupokea wanaoingia kutoka mbali, kompyuta yake humpa nambari ya hitilafu. Ofisi nyingi hapa Nairobi huipuuza na kukimbilia kubadilisha nenosiri, hata pale ambapo simu haikufika kwenye seva kabisa.

Nambari 680 ni modemu kukosa mlio wa laini. Kama laini inapitia swichibodi, tanguliza tarakimu ya kutokea nje, mara nyingi 9 au 0, kisha koma. Kila koma husimamisha modemu kwa sekunde 2. 678 ni seva kutoitika: tazama kama modemu yake imewashwa na poti imeruhusiwa kupokea simu.

691, yaani seva kukataa kumruhusu mtumiaji, ndiyo inayosumbua, kwa sababu seva imefikiwa na sababu zake ni nyingi. Kwanza mtumiaji aandike jina pamoja na kikoa (domain), kwa mfano OFISI\wanjiru. Ikigoma, usikisie. Kama uthibitishaji unapitia NPS (Network Policy Server, huduma ya Windows inayoamua kwa sera nani aruhusiwe), fungua Event Viewer, daftari la matukio, kwenye seva hiyo, sehemu ya Security, utafute tukio 6273, usome Reason Code mwishoni. 16 ni jina au nenosiri. 65 ni akaunti iliyowekewa katazo kwenye kichupo cha Dial-in. 48 ni kwamba hakuna sera iliyolingana na ombi, kwa hiyo kagua kundi la mtumiaji na saa zilizoruhusiwa. 66 ni njia ya uthibitishaji ambayo sera haiikubali. Washa njia ya MS-CHAP v2 pande zote mbili, wala usishawishike kufungua ile ya PAP, maana hiyo hupitisha nenosiri likiwa wazi.

Kuna wanaoingia vizuri lakini hawaoni faili lolote. Tazama anwani ya IP waliyopewa. Ikianza na 169.254, seva haikupata anwani kutoka DHCP, huduma inayogawia mashine anwani za mtandao. Hili hutokea sana stima ikirudi baada ya kupotea: mashine zote huwaka pamoja, na Routing and Remote Access huanza kabla DHCP haijawa tayari. Iwashe upya: kwenye dirisha la amri la seva andika net stop remoteaccess, kisha net start remoteaccess.

Dawa ya kudumu ni kuitengea seva anwani zake, tuseme 192.168.10.201 hadi 192.168.10.230, na kuzitoa kwenye mgao wa DHCP ili zisigongane. Hapo watatosha watumiaji 29 kwa wakati mmoja, kwa kuwa seva hujiwekea anwani moja.