Nyumba salama kwa wanawake wa asili wa Kanada: kufuli pekee halitoshi

Mwanamke anayepigwa na mwenzi wake akikataa kwenda nyumba salama, watu huuliza: anasubiri nini? Kwa wanawake wa asili wa Kanada, wawe wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit au Wametisi, jibu mara nyingi ni watoto. Kwa zaidi ya miaka mia moja serikali iliwachukua watoto wao na kuwaweka shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Hofu ya kunyang'anywa watoto bado ina sababu. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa watoto wa asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya walio kwenye malezi ya kambo, yaani waliokabidhiwa familia nyingine wawalee. Mama akipokelewa na mtu mwenye faili mkononi, atafikiria hayo kwanza.

Kwa hiyo, wewe unayempokea, fomu zisubiri. Mpe chai, watoto wale, walale. Kisha mweleze waziwazi ni habari zipi sheria inakulazimu kuzipeleka ustawi wa jamii. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Akigundua hatarudi, na wenzake watasikia.

Jambo la pili ni moshi. Jamii nyingi za Mataifa ya Kwanza hufukiza majani makavu yenye harufu kama sala ya kujitakasa: huwekwa kwenye gamba la kombe, huwashwa, mwali huzimwa, na mtu hujivutia moshi kwa viganja hadi kichwani na kifuani. Kanuni ya kukataza moshi humtoa mama nje kwenye baridi, tena mahali anapoweza kuonwa na yule aliyemkimbia. Chumba chenye feni ya kutoa moshi, kwa makubaliano na watu wa zimamoto, kinatosha.

Lakini usimwashie majani Mwinuit eti kwa kuwa naye ni wa asili. Yeye ana taa yake ya mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na pengine anachotamani ni nyama ya kwao tu, maana wengi hufika kwa ndege wakitoka vijiji visivyo na barabara wala nyumba salama. Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand aliyelijenga wazo la usalama wa kiutamaduni, yaani huduma isiyomdharau mtu kwa utamaduni wake, alisisitiza kuwa anayepima usalama wa huduma ni anayehudumiwa.

Hata mzee wa jamii wa kumshauri asiitwe kabla mama hajaulizwa. Kwenye kijiji cha watu mia chache, mzee huyo anaweza kuwa mjomba wa mume.