Jarida la afya kusomwa bure si ushahidi kwamba ni feki

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya wauguzi na wanafunzi wa udaktari: "Jarida likifunguka bure mtandaoni, jua ni la uongo. Mwandishi amelipa tu makala itoke."

Si kweli. Bei ya kusoma na ubora wa uhakiki, yaani wataalamu kuikagua makala kabla haijachapishwa, ni mambo mawili tofauti. Ufikiaji huria, uliotangazwa rasmi mwaka 2002 baada ya mkutano wa Budapest, unamwondolea msomaji malipo, wahakiki hauwaondoi. Majarida mengine huwatoza waandishi, mengine hugharimiwa na vyuo, na mengi husamehe ada kwa watafiti wa nchi maskini. Tena msomaji kulipia jarida si kinga: makala ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilitoka kwenye jarida kongwe la Uingereza, ikafutwa 2010.

Mkanganyiko una chanzo. Majarida matapeli yapo kweli, nayo hupenda kutuma barua pepe za sifa tele na ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache.

Kwa hiyo kagua. Fungua makala, tazama tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa. Zikipishana siku tatu, tilia shaka. Tafuta majina ya wahariri kwenye tovuti za vyuo vyao. Ada iwe imeandikwa wazi. Namba ya ISSN isikutulize, hiyo ni kitambulisho tu.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Kuna muuguzi wa zahanati ambaye makala za bure ndizo pekee anazoweza kuzisoma.